Mfuko Mwekundu wa Fundi Umeme

Mashati yote ya Fundi yalikuwa na mfuko mwekundu upande wa moyo, hata shati la sikukuu. Mkewe aliishona mifuko hiyo kutoka kwenye pazia la zamani, akaitia kifungo kikubwa cha koti. Watoto wa mtaani kwetu Manzese walidhani ni sare ya mafundi umeme wote. Humo hamkukaa simu wala kitambulisho. Ilikaa fyuzi ya nyumba ya watu.

Nyumba nyingi za kwetu bado zina lile sanduku la zamani la meni swichi, limepigiliwa ukutani barazani. Ndani yake kuna fyuzi, kipande cheupe, kigumu kama kikombe cha kahawa, kinachoenea kiganjani. Ukikichomoa, nyumba nzima imekufa. Fundi mwingine huzima swichi akaanza kazi. Yeye alizima, akachomoa fyuzi, akaitia mfukoni, akafunga kifungo, akapiga kifua mara mbili.

"Swichi inarudishwa na kidole cha mtoto," alikuwa akisema. "Hii iliyo kifuani kwangu, atairudisha nani?"

Tulipanga nyumba moja. Wao walikuwa na vyumba viwili vya mbele, mimi na mama chumba kimoja cha nyuma, na ua ulikuwa wa wote. Nilimjua kabla sijaanza darasa la kwanza, na mpaka leo namwita Fundi tu.

Taabu ya mfuko ule ilikuwa moja: alisahau kuufungua. Kazi ikiisha, alikusanya koleo na waya, akaaga vizuri, akaondoka na umeme wa watu kifuani. Siku moja alitoka hivyo Tabata, akarudi nyumbani, akala, akafungua redio ya jirani ili aitengeneze, akaiacha wazi, akaenda kununua betri, njiani akakuta watu wanacheza bao, akakaa. Wenye nyumba ya Tabata wakamfuata kwa bodaboda, mume na mke juu ya pikipiki moja.

"Mzee, tangu adhuhuri hatuna umeme!" alisema mwanamke kabla hajashuka. "Feni imekufa, maji hayapandi kwenye tanki, umetufanyia nini?"

Fundi alisimama. Akapapasa mfuko wa kulia wa suruali, wa kushoto, wa nyuma, akavua kofia akatazama ndani. Mwisho akafika kifuani. Akaitoa fyuzi kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake.

"Nisameheni, jamani. Bora mkose umeme mie nikiwa hai, kuliko muwe nao mkinizika."

"Lakini kazi ulishamaliza!"

"Hilo ndilo nililosahau."

Wacheza bao walicheka mpaka mmoja akamwaga kete. Mwanamke naye akacheka, hakupenda kucheka. Hivyo ndivyo Fundi alivyokuwa akisamehewa.

Asubuhi ungeweza kukuta vikombe vyake vitatu vya chai, kila kimoja kimenyweka nusu: kimoja dirishani, kimoja juu ya ngazi, kimoja chooni. Alianza kukueleza habari ya bei ya waya, katikati akaona kuku, akaingia habari ya kuku, kisha akakuuliza, "Nilikuwa nasema nini?" Akikaa kwenye benchi, mguu wake ulitikisika mpaka sisi tuliokaa naye tukawa tunatikisika pia. Msikitini alichagua safu ya nyuma karibu na mlango, ili akijigeuza asiwapotezee watu utulivu.

Lakini mtu huyohuyo akiingia darini kutafuta waya ulioungua, alikaa huko saa nne bila kuomba maji. Mkewe, Mama Zuhura, alikuwa akigonga sufuria chini ya dari ili ajue kwamba siku inakwenda. Niliwahi kumuuliza Fundi inakuwaje, mtu asiyeweza kumaliza chai anamaliza nyumba nzima ya waya.

"Chai haiui," alinijibu.

Nadhani hakuna mwoga aliyemzidi mtaani. Bodaboda hakupanda. Barabara ya Morogoro alisubiri apatikane bibi anayevuka, akavuka pembeni yake, na watu wakadhani anamsaidia bibi. Nilipokuwa mdogo niliona aibu kwa niaba yake. Baadaye nikaelewa kuwa uoga ule alikuwa akiulea makusudi. Alisema ujanani alikuwa na kichwa kilekile cha sasa, kinachoondoka bila kuaga, na kwamba wenzake wawili waliojifunza naye ufundi walikuwa hodari kumshinda. Wote wawili umeme uliwachukua. "Mie sikuwa na akili ya kukumbuka," alisema. "Nilikuwa na uoga. Nikauajiri."

Habari ya kichwa hicho ilikuja kupata maelezo alipokuwa akiweka umeme kwenye nyumba ya daktari mmoja wa kike. Daktari alimwangalia siku tatu, anavyoacha bisibisi huku akitafuta bisibisi ileile, kisha akamketisha wakazungumza. Fundi alirudi na furaha ya mtu aliyepewa barua.

"Kaniambia, baba, huo si ujinga wala si jini. Ni hali, mtu anazaliwa nayo. Ina jina lake la kitaalamu. Kaniandikia kwenye karatasi."

"Jina gani?" nikauliza.

"Karatasi nimeipoteza."

Jina lilipotea, mengine hakuyapoteza. Daktari alimwambia kwamba utotoni miguu ndiyo inayokimbia, na mtu akikua miguu inaweza kutulia huku kichwa kikiendelea na safari. Alimwambia pia kwamba watu wawili wenye hali hiyo hawafiki mahali pamoja, kwa sababu kila mmoja anaibeba kwa tabia zake. Mwenye hofu anajifunza kujichunga. Anayependa msisimko anaufuata moto. Mkimya anazama ndani kwa ndani na watu hawajui kama anazama. Na tabia zenyewe hazikai vilevile. Kijana wa miaka kumi na sita siye utakayemkuta akiwa na ishirini na tano.

Fundi aliyatafsiri hayo kwa namna yake. "Upepo ni mmoja," alisema, akionyesha ua wetu. "Bati linapiga kelele, kanga inapepea, ukuta umenyamaza. Wote wanapigwa."

Akanitazama. "Wewe ni ukuta."

Nikacheka. Lakini usiku ule sikulala mapema, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Shuleni sikuwahi kuruka wala kupiga kelele. Nilikaa, macho ubaoni, na mwalimu akishafuta ubao ndipo nilipogundua kwamba sikusoma hata mstari. Ripoti zangu zote ziliandikwa "mpole, ana nidhamu". Mtoto anayeruka darasani hupigwa. Anayepotea akiwa amekaa huachwa. Nikamaliza darasa la saba hivyo, nikafeli kwa nidhamu, na sasa napiga randa kwenye karakana ya seremala. Naandika polepole, nikirudi kusoma kila sentensi ili nijue bado nipo.

Fundi peke yake ndiye aliyekuwa akiniona nikiondoka. Akinikuta uani nimekodoa macho kwenye ndoo, hakunisalimia kama watu wengine. Aliuliza, "Uko wapi?" Nilitabasamu tu. Naye alisema, "Hata mie sipo. Tutakutana njiani."

Bati, katika maneno yake, lilikuwa Zuhura, bintiye wa pekee. Tulikuwa rika moja, naye aliniita Bubu. Kichwa kilikuwa cha babake, hilo halikuhitaji daktari. Lakini uoga hakupewa hata tone. Kidato cha pili alirudishwa nyumbani kwa kuruka dirishani katikati ya kipindi. Mama yake alipomuuliza alikuwa anakimbia nini, alisema hakuwa anakimbia kitu, mlango ulikuwa mbali tu.

Alipotimiza miaka kumi na sita alianza kumfuata babake kazini, na Fundi alifurahi mno kiasi kwamba hakuogopa vya kutosha. Siku hiyo ilikuwa nyumba yenye vijana wengi, mtaa wa pili kutoka kwetu. Fundi alipanda darini. Kwa mara ya kwanza maishani alifungua kifungo, akampa mtu mwingine fyuzi aishike.

"Usimpe mtu. Usiirudishe mpaka mwenyewe nishuke nikuombe. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Nilikuwepo, nimeegemea ukuta. Dakika kumi Zuhura alikaa. Ya kumi na moja akaanza kuirusha fyuzi juu na kuidaka. Vijana wa nyumba walitoka ndani.

"We dada, mechi imeanza. Washa basi!"

"Mafundi wa siku hizi! Anashika tu, kuwasha hajui."

"Nani hajui?" Zuhura akasema, akasimama.

Nataka niandike sawasawa hapa. Hakumdharau babake. Nilimwona uso. Kwa muda ule mfupi wa kutoka kwenye benchi mpaka kwenye sanduku, babake hakuwemo kichwani mwake. Kulikuwa na dhihaka ya wale vijana na mkono wake uliotaka kuijibu. Mimi niliyaona yote, na neno lilikuwa limefika kooni. Sikulitoa. Nimelibeba mpaka leo.

Runinga ilipiga kelele ndani. Juu ya dari kitu kilijigonga mara moja. Kisha ubao wa dari ukapasuka na Fundi akaanguka juu ya kochi, mbele ya vijana waliokuwa wakisubiri mpira.

Alipona. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka tena. Hakumpiga Zuhura wala hakumfokea, na hilo ndilo lililomwumiza mtoto kuliko kipigo. Alimwambia neno moja tu, mbele ya mama yake: "Waya, mwanangu, hutagusa tena nikiwa hai."

Baadaye, akiwa peke yake na mimi uani, alisema, "Alisahau kama ninavyosahau mie. Ila mie nikisahau natetemeka, yeye akisahau anacheka. Nitamzika, Bubu. Nikimfundisha kazi hii nitamzika."

Zuhura alipelekwa Boko kwa mama yake mdogo. Miaka sita nyumba ilikuwa na utulivu usiopendeza. Fundi aliendelea na kazi kwa vidole vinane, akisahau, akipapasa mifuko, lakini hadithi zake hazikuwa na kicheko mwishoni.

Siku Zuhura aliporudi, Mama Zuhura alikuwa anachambua mchele uani, Fundi amekaa pembeni. Alikuja na begi na suruali ya kazi, na mwilini alikuwa mtu mzima. Alisema shikamoo kwa wote wawili, kisha hakuzunguka.

"Baba, nimejifunza umeme kwa fundi mmoja Boko. Mwaka wa pili huu. Nataka uniangalie nikifanya kazi. Ukikataa baada ya kuona, naacha kabisa."

Fundi alisimama akakaa, akasimama tena. "Nani alikuruhusu?"

"Hakuna."

"Kichwa kimetulia?"

"Hakijatulia. Bado kinaruka vilevile."

"Basi umejifunza nini?"

"Kupiga kelele," alisema Zuhura.

Mama Zuhura aliacha mchele. "Hilo ulikuwa unalijua tangu unazaliwa."

Lakini tuliona alivyomaanisha. Babake alipompeleka kwenye kazi ndogo, Zuhura alitangaza kila hatua kwa sauti ya mnadani: "Nimezima! Nimechomoa! Nimepima, hamna moto! Sasa ninagusa!" Jirani wa nyumba ya tatu alijua waya gani unaguswa. Akinyamaza, yeye mwenyewe alishtuka, akarudi hatua moja nyuma, akaanza upya kutangaza. Alisema pale Boko alijaribu kuogopa kama babake akashindwa. Hofu haikukaa kwake, iliteleza. Kilichokaa ni kiburi. Aliona haya kutangaza jambo mbele ya watu kisha asilifanye, basi akatangaza kila kitu. Wale vijana wa mechi walimponza kwa sababu alipenda kutazamwa. Sasa alipenda kutazamwa vilevile, na kupenda huko ndiko kulikomlinda.

Fundi hakusema ndiyo. Alisema, "Utafanya nikiwepo. Fyuzi nashika mie." Mwaka mzima walikwenda hivyo, binti darini, baba chini na mfuko mwekundu umefungwa. Wasiwasi wake ulimhamia yeye mwenyewe: macho yamepungua, na kusahau kwake kwa zamani kumeanza kuchanganyika na kusahau kwa uzee. Kila siku alikuwa akijiuliza ni nani atakayeshika siku yeye asipoweza.

Mara ya mwisho niliyomwona akiwa kazini ilikuwa Tabata, mwezi uliopita. Nilitumwa na bosi wangu kupima fremu ya mlango kwenye nyumba moja ya zamani. Nikawakuta. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja wa bara, mwalimu mstaafu, na kwenye friza lake mlikuwa na samaki wa kuuza. Zuhura alikuwa darini akitangaza. Fundi alikuwa barazani, mguu unatikisika. Adhana ya alasiri ikalia.

Alifungua kifungo. Akanishika mkono, akaibandika fyuzi kiganjani mwangu, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja.

"Nikienda nayo msikitini nitapitiliza nayo mpaka Manzese, najijua. Shika. Usimpe mtu mpaka Zuhura aje mwenyewe akuombe."

"Fundi, mimi..." Nilitaka kusema mimi ndiye niliyekuwepo siku ile.

"Najua," alisema, akaondoka.

Niliketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Mwanzoni sauti ya Zuhura ilinisaidia. "Nimeshika mwekundu! Naukata!" Kisha ikakoma. Nilikisikiliza kimya hicho, na nikajihisi naanza kuondoka, kama darasani; ukuta wa mbele ulikuwa na ufa wenye umbo la mto. Nikaibana fyuzi mpaka kingo zake zikaniuma. Maumivu yakanirudisha.

Mwenye nyumba alitoka, mikono inanuka samaki.

"Kijana, huyo binti amemaliza. Husikii kimya? Lete hicho kitu nirudishe, samaki wangu wanayeyuka."

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Lete."

Nilitikisa kichwa. Akanisogelea, akaongea kwa ile sauti ambayo sijaisikia tangu darasa la saba na ambayo mwili wangu haukuisahau.

"Simama."

Nikasimama.

"Nyoosha mkono."

Nikaunyoosha. Naapa niliunyoosha. Ulikuwa umefumbwa, mbele yake.

"Fungua."

Maisha yangu yote nimemtii mwalimu. Akanishika kifundo cha mkono akaanza kukunjua kidole gumba, si kwa ukali, kama anavyomnyang'anya mtoto gololi. Darini hapakuwa na sauti. Lile neno lililonikwama miaka ile barazani kwa watu likapanda tena mpaka kooni, palepale lilipoishia mara ya kwanza.

"Zuhura!"

Mama yule aliniachia. Kuku wa jirani waliruka. Nikaita tena, kwa nguvu ambayo sikujua ninayo, "Zuhura! Uko wapi?"

Darini kitu kikaanguka. Kisha sauti: "Bado nagusa! Nimegusa waya zote mbili! Nilishika tochi kwa meno, nani anapiga kelele hivyo?"

Mwalimu alikaa kwenye ndoo niliyoiacha. Alijifuta uso kwa mkono wa samaki. "Mungu wangu," alisema taratibu. "Mungu wangu, mwanangu, nilidhani ameshashuka."

Zuhura aliposhuka, nywele zimejaa vumbi, alitutazama mmoja mmoja. Akaelewa kabla hatujasema. Hakucheka.

"Bubu," alisema, "hiyo sauti ulikuwa umeificha wapi?"

Akanyoosha mkono aombe fyuzi, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nimeshuka. Naiomba." Lakini vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, havikufunguka upesi.

Hapo Fundi aliingia getini kutoka msikitini. Alipofika barazani alisimama ghafla, akapapasa kifua. Mfuko ulikuwa mtupu. Akapapasa suruali, kulia, kushoto, nyuma, akavua kofia, na midomo ilikuwa inatetemeka kama ya mtu anayesikia tena dari ikipasuka. Alimtafuta Zuhura kwa macho, akamwona amesimama mzima, bado hakuamini. Kisha akaniona mimi na ngumi yangu.

"Uko wapi?" aliniuliza.

"Niko hapa, Fundi," nikasema. "Nilikuwa hapa muda wote."